Usingizi Huanzia Miguuni: Mwongozo wa Wiki 12 kwa Kijana Anayeshinda Amekaa

Kijana anayeshinda saa nane au tisa kwenye kiti, darasani, mbele ya kompyuta au ndani ya kibanda cha uwakala wa pesa za simu, hufika usiku kichwa kimechoka na mwili bado mbichi. Analala chali, macho makavu, anageuka, anashika simu. Kesho yake anaamka mzito, hana hamu ya kutembea hata mita mia tano, anapanda bodaboda, anakaa tena. Usiku unarudi na hali ileile.

Usingizi mbaya hupunguza mwendo, na ukosefu wa mwendo huharibu usingizi. Duara hili lina milango miwili, lakini mmoja ndio unaofunguka kwa urahisi. Usingizi hauamrishwi: ukiukazania unakimbia. Miguu inaamrishwa. Kwa hiyo tunaanza na miguu, tunaongeza mwanga wa asubuhi na nidhamu ya kitanda, kisha tunaupa mwili wiki kadhaa.

Mwongozo huu unawafaa watu wa miaka 18 hadi 35 wasio na ugonjwa mkubwa. Mtu mzima wa umri huo anahitaji saa 7 hadi 9 za usingizi kila usiku. Mwenye pumu, shida ya moyo au selimundu anaweza kuufuata, lakini azungumze kwanza na daktari wake. Mwenye selimundu hasa asikimbie kwa nguvu hadi kuishiwa pumzi, anywe maji mara kwa mara, na apumzike kabla hajachoka.

Kwa nini kukaa kunaharibu usiku

Mwaka 1982 Alexander Borbély wa Zurich alieleza kwamba usingizi unaongozwa na nguvu mbili, na maelezo hayo bado ndiyo msingi wa tiba ya usingizi. Ya kwanza ni njaa ya usingizi. Tangu unapoamka, kemikali iitwayo adenosini hujilimbikiza kwenye ubongo, na kadiri inavyozidi ndivyo unavyosinzia. Ya pili ni saa ya mwili, ambayo hupanga muda wa kuamka, wa kusinzia, wa joto la mwili kupanda na kushuka. Saa hiyo hurekebishwa zaidi na mwanga.

Anayekaa ndani siku nzima hudhoofisha zote mbili. Anatumia nguvu kidogo, anajipumzisha kitandani jioni, pengine anasinzia kidogo saa 11, basi njaa ya usingizi haijai. Na mwanga anaoupata ni wa taa. Chumba chenye taa ya kawaida kina laksi (kipimo cha mwanga) 100 hadi 300, wakati nje asubuhi, hata kukiwa na mawingu, kuna maelfu ya laksi. Macho yetu hayaoni tofauti hiyo kama ilivyo kubwa, ila saa ya mwili inaiona. Mtu aliyeshinda kwenye mwanga hafifu kisha akakesha na skrini huipa saa hiyo habari mbili zinazopingana.

Kuna jambo la tatu, nalo ni joto. Ili usingizi uje, joto la ndani la mwili lazima lishuke kidogo. Mazoezi hupandisha joto hilo, kisha baada ya nusu saa hadi saa moja na nusu linaanza kushuka, na mteremko huo husaidia kusinzia. Pia mazoezi hupunguza wasiwasi. Wengi wanaosema hawana usingizi wanao. Wasiwasi ndio unaowakesha.

Hatua ya 1: Pima siku saba kabla ya kubadilisha chochote

Usiruke hatua hii. Asiyejua alipoanzia huacha wiki ya tatu akidhani hakuna kilichobadilika, kumbe dakika arobaini za kugaagaa zimeshuka hadi ishirini na tano.

Chukua karatasi au daftari. Kila asubuhi, ndani ya dakika kumi baada ya kuamka, andika: saa uliyopanda kitandani, makadirio ya dakika ulizokaa macho kabla ya kulala, makadirio ya muda wote uliokuwa macho katikati ya usiku, saa uliyoamka, na saa uliyotoka kitandani. Jioni ongeza idadi ya hatua ulizotembea kwa hesabu ya simu, chai au kahawa ya mwisho uliyokunywa na saa yake, na kama ulilala mchana. Usiangalie saa usiku ili kuandika kwa usahihi. Makadirio yanatosha, na kuangalia saa kila mara ni chanzo kimojawapo cha kukesha.

Baada ya siku saba, piga hesabu moja: dakika ulizolala, gawanya kwa dakika ulizokuwa kitandani, zidisha kwa 100. Chukua mfano wa mwanafunzi anayepanda kitandani saa 4:30 usiku, akalala saa 7 usiku, akakaa macho dakika 20 katikati, akaamka saa 1 asubuhi na kutoka kitandani saa 1:30. Alikuwa kitandani dakika 540, akalala 340. Hiyo ni asilimia 63. Tunachotafuta ni asilimia 85 au zaidi. Huyu hana uhaba wa muda wa kulala. Ana kitanda kirefu na usingizi mfupi.

Hatua za simu nazo zina udanganyifu wake. Simu iliyobaki mezani wakati unapanda ngazi haihesabu kitu. Iweke mfukoni wiki hiyo yote, kisha tafuta wastani wa siku. Ukipata chini ya 5,000, wewe ndiye hasa tuliyemwandikia.

Ukitaka kipimo cha kitaalamu, kuna dodoso lililotengenezwa na Daniel Buysse na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka 1989, ambalo watafiti wa usingizi hulitumia sana. Lina alama 0 hadi 21, na zaidi ya 5 huhesabiwa kuwa usingizi mbaya. Linauliza juu ya mwezi mzima uliopita, kwa hiyo usilijaze kila wiki.

Hatua ya 2: Funga saa ya kuamka, kisha toka nje

Chagua saa moja ya kuamka utakayoweza kuishika siku zote saba, pamoja na Jumamosi na Jumapili. Kwa anayeswali Alfajiri jambo hili lina msingi tayari. Tatizo lake huwa ni kurudi kitandani baada ya swala na kulala hadi saa 3. Kama lazima urudi, weka kengele, na saa ya kuamka mara ya pili iwe ileile kila siku.

Ruhusa ya wikendi ni saa moja tu. Anayeamka saa 5 asubuhi siku ya Jumapili asishangae kukosa usingizi Jumapili usiku: saa kumi na mbili baadaye mwili wake bado unaona ni mapema.

Ndani ya saa ya kwanza baada ya kuamka, toka nje utembee dakika 10, baadaye 20. Usivae miwani ya jua, wala usilitazame jua moja kwa moja. Wakazi wa karibu na ikweta wana neema ambayo wengine hawana. Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi au Kampala, mwanga wa asubuhi hupatikana karibu wakati uleule mwaka mzima, tofauti ya miezi ikiwa ni kama dakika arobaini tu, basi ratiba unayoiweka Januari itakufaa pia Julai. Aliyeko London hana bahati hiyo. Desemba jua huchomoza kama saa 2 asubuhi, naye ahamishie matembezi yake makuu saa ya chakula cha mchana.

Wengi huuliza kama wanaweza kufanya mazoezi chumbani asubuhi badala ya kutoka. Mazoezi ni mazuri popote, lakini chumbani unapata nusu ya dawa. Kama usalama wa mtaa hauruhusu kutembea kungali na giza, na kwa wasichana wengi ndivyo ilivyo, subiri mwanga ukamilike, tembea na mwenzio, au zunguka ndani ya uwanja wa hosteli. Kuzunguka kwenye paa au varanda iliyo wazi kunatosha pia.

Hatua ya 3: Vunja ukaaji

Zoezi la nusu saa halifuti saa kumi za kiti. Kanuni rahisi ni hii: kila dakika 30 za kukaa, simama dakika 2 au 3 na usogee. Kwa mfanyakazi wa ofisini, tumia kikombe kidogo cha maji badala ya chupa ya lita moja na nusu, ili kiu yenyewe ikuinue. Pokea simu ukiwa umesimama. Tumia choo cha ghorofa nyingine kama kipo. Kwenye daladala au matatu, shuka kituo kimoja kabla ya chako, asubuhi na jioni. Mara nyingi hizo ni hatua 1,000 hadi 1,500 bila kutenga muda wa mazoezi.

Kazi ngumu zaidi kwa hili ni ya wakala. Hawezi kuacha droo ya pesa, na kibanda chake hakizidi mita mbili. Kwake dawa ni kufunga zoezi na mteja: baada ya kila mteja wa tano, simama, inua visigino mara 20, baada ya kila wa kumi, chuchumaa na kusimama mara 10 ukishika kaunta. Siku yenye wateja 60 inampa kuchuchumaa mara 60 na kuinua visigino mara 240, bila kufunga kibanda. Dereva wa bajaji au bodaboda anayesubiri abiria kijiweni naye asisubiri akiwa juu ya kiti. Azunguke chombo chake.

Mwanafunzi ana adui wa aina nyingine: kitanda. Chumba cha hosteli cha watu wanne hakina meza za kutosha, basi kitanda kinakuwa dawati, meza ya chakula, sebule na sinema. Hapa ndipo uhaba wa mwendo na ubovu wa usingizi vinapokutana mahali pamoja. Mtu anayekaa kitandani saa tano za jioni hajatumia misuli, na ubongo wake umejifunza kwamba kitanda ni mahali pa kuwa macho. Richard Bootzin alionyesha tangu 1972 kwamba kukitenga kitanda kwa ajili ya kulala kunatibu kukosa usingizi, na njia yake bado inatumika. Soma maktaba, kantini, chini ya mti, kwenye ngazi. Ikibidi ukae chumbani, kaa sakafuni kwenye mkeka ukiegemea ukuta, au kaa upande wa miguuni juu ya shuka jingine unalolitoa wakati wa kulala. Halitakuwa suluhisho kamili, lakini tofauti huonekana.

Hatua ya 4: Ratiba ya wiki 12

Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mwendo mkali, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Dakika moja ya mwendo mkali inahesabika kama mbili za wastani.

Mwendo wa wastani unaujua kwa kinywa chako: unaweza kuzungumza, huwezi kuimba. Mkali: unatoa maneno machache kisha unatafuta pumzi. Ukipenda namba, hesabu hatua kwa sekunde 15. Zikifika 25, ni kama 100 kwa dakika, na huo ni wastani. Kwa mtu wa miaka 22, mapigo ya moyo kati ya 127 na 150 kwa dakika ndiyo kiwango cha wastani.

Wiki ya 1 na 2: dakika 10 asubuhi nje na dakika 10 jioni, siku tano. Jumla 100. Ni kidogo kwa makusudi.

Wiki ya 3 na 4: asubuhi 20, jioni 10, siku tano. Jumla 150.

Wiki ya 5 hadi 8: endelea na asubuhi 20. Siku tatu kati ya hizo, jioni ifanye kuwa mwendo mkali wa dakika 20: mchakamchaka, kuruka kamba kwa vipindi vya dakika moja kuruka na dakika moja kupumzika, baiskeli, au mpira. Ongeza mazoezi ya misuli siku mbili.

Wiki ya 9 hadi 12: shikilia hapohapo. Usiongeze. Kazi ya wiki hizi ni kuufanya mwendo uwe desturi, na usingizi uufuate.

Mazoezi ya misuli hayahitaji jimu. Kwenye nafasi ya mkeka mmoja fanya hivi: kuchuchumaa na kusimama mara 12, pushapu mara 8, mikono ikiwa ukutani kama wewe ni mgeni, ukingoni mwa kitanda ukizoea, sakafuni ukiwa imara, hatua ndefu mbele huku goti la nyuma likikaribia sakafu, mara 8 kila mguu, kulala chali na kuinua nyonga mara 12, kisha kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka, sekunde 20 hadi 30. Pumzika dakika moja, rudia mzunguko. Mizunguko miwili kwa wiki mbili za kwanza, kisha mitatu. Inapokuwa nyepesi, kumbatia dumu la maji la lita 5. Hiyo ni kilo 5 zaidi.

Kosa linaloua mipango mingi hutokea Jumatatu ya kwanza. Kijana anakimbia kilomita nane baada ya miezi sita ya kukaa, na maumivu ya misuli yanafika kilele kati ya saa 24 na 72 baadaye. Usiku wa Jumanne hageuki kitandani bila kugumia. Jumatano ameshahitimisha kwamba mazoezi yanamnyima usingizi. Hayakumnyima, kipimo ndicho kilichozidi.

Kosa la pili ni kutaka malipo usiku uleule. Mwaka 2013 Kelly Baron na wenzake huko Chicago walifuatilia wanawake wa umri mkubwa kidogo wenye tatizo sugu la usingizi, waliofanya mazoezi kwa wiki 16. Siku ya mazoezi haikuwapa usiku bora zaidi papo hapo. Usiku mbaya ndio uliofupisha mazoezi ya kesho yake. Faida ilikuja kwa majuma. Vijana wasio na tatizo sugu huona dalili mapema zaidi, lakini usihukumu mpango kabla ya wiki ya nne.

Kwa sababu hiyo tunakuwekea kanuni ya siku mbovu: ukiamka baada ya usiku wa saa nne, usiache, punguza. Dakika 10 za asubuhi ni za lazima, za jioni ni hiari, mwendo mkali haupo siku hiyo. Baada ya kukesha, zoezi lilelile huonekana zito kuliko lilivyo, na ukilitimiza kwa nguvu ukashindwa, utalichukia.

Hatua ya 5: Saa ya mazoezi

Imani kwamba mazoezi ya jioni huharibu usingizi imetiwa chumvi. Uchambuzi wa tafiti uliofanywa na watafiti wa Zurich na kuchapishwa 2019 ulionyesha kwamba kwa jumla hayana madhara, isipokuwa yale makali yanayoisha chini ya saa moja kabla ya kulala. Weka pengo la saa moja na nusu hadi mbili uwe salama. Matembezi mepesi baada ya chakula cha usiku hayana mpaka.

Mpira wa usiku chini ya taa kubwa ndio unaoleta mashaka, na si kwa sababu ya kukimbia peke yake. Mechi inaisha saa 4, damu inachemka, taa zilikuwa kali machoni, kisha chipsi mayai na soda saa 4:45. Mtu huyo hatalala saa 5. Ombeni uwanja saa 1 hadi saa 2 usiku. Ikishindikana, kula mlo mkubwa kabla, saa 11 jioni, na baada ya mechi pata kitu kidogo kama ndizi na maziwa, oga, shusha taa za chumbani.

Wakati wa Ramadhani, nafasi mbili hufaa: mwendo mwepesi wa dakika 20 hadi 30 kabla tu ya kufuturu, au mazoezi ya misuli baada ya Tarawehe, yakiwa mafupi. Usingizi hukatwa na daku, kwa hiyo lala mchana dakika 20 hadi 30 na usidai maendeleo mwezi huo. Kushikilia kiwango ni ushindi.

Hatua ya 6: Jioni isibomoe kilichojengwa

Kafeini kwanza, kwa kuwa huzuia kazi ya adenosini uliyoihangaikia mchana kutwa. Nusu yake hubaki mwilini baada ya kama saa tano. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu lina takriban miligramu 80. Ukilinywa saa 11 jioni, saa 4 usiku bado una kama 40, karibu sawa na kikombe cha chai ya majani. Kwa anayelala saa 4 au 5 usiku, kafeini ya mwisho iwe saa 8 mchana. Hii inagusa kahawa ya barazani baada ya Magharibi, na tunajua kwamba baraza si kahawa tu. Nenda barazani, kunywa chai ya tangawizi au mchaichai isiyo na majani ya chai. Miraa ni kali kuliko hivyo vyote kwa usingizi. Anayetafuna jioni hatasaidiwa na ratiba yoyote iliyoandikwa hapa.

Pombe humlaza mtu haraka kisha humwamsha nusu ya pili ya usiku. Simu iondoke mkononi dakika 45 kabla ya kulala, na ichajiwe mbali na mkono. Mwanga wake una madhara, ila linalokesha watu zaidi ni yaliyomo: mabishano ya makundi, video inayofuata, ujumbe unaosubiri jibu.

Joto la Pwani, Desemba hadi Machi, linahitaji mkakati wake. Oga maji ya uvuguvugu saa moja hadi mbili kabla ya kulala. Yanavuta damu kwenye ngozi, joto la ndani linatoka. Maji ya baridi sana dakika ya mwisho hukushtua. Chandarua hupunguza upepo, kwa hiyo isogeze feni karibu, upande wa miguuni, ielekee kitandani kwa mshazari. Usikiache chandarua kwa kutafuta hewa. Njombe, Arusha au Limuru shida ni kinyume: miguu baridi huchelewesha usingizi, na soksi ni dawa tosha.

Hatua ya 7: Fupisha kitanda

Fanya hivi kuanzia wiki ya 3, na kama tu hesabu yako bado iko chini ya asilimia 85. Chukua wastani wa dakika unazolala kweli, ongeza 30, ndio muda wako wa kitandani. Usishuke chini ya saa 6. Yule mwanafunzi wetu wa dakika 340 anapata 370, yaani saa 6 na dakika 10. Akiamka saa 12:30 asubuhi, apande kitandani saa 6:20 usiku, si kabla. Wiki ikipita na hesabu imefika 85, anaongeza dakika 15 upande wa usiku, na kuendelea hivyo kila wiki hadi afikie usingizi unaomtosha.

Siku kumi za mwanzo zina usingizi mwingi wa mchana, na ndipo matembezi ya jioni yanapookoa: saa 11 hadi 12, wakati kitanda kinaita, uwe barabarani. Usifupishe kitanda kama unaendesha gari au pikipiki kwa kazi, unatumia mashine, una kifafa, au umewahi kuambiwa una ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka.

Ukikaa macho kitandani kwa muda unaoukadiria kuwa dakika 20, toka. Kaa penye mwanga hafifu, sikiliza kitu cha kawaida, rudi macho yakilegea.

Usiku usioepukika

Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya huanza saa 4 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, na saa 5 Ulaya inapokuwa kwenye majira ya baridi. Ukiangalia hadi mwisho, ni saa 6 au saa 7 usiku. Usiku mmoja hauharibu kitu ukifanya mambo matatu: amka saa yako ileile au isizidi saa moja baadaye, tembea asubuhi kama kawaida, na lala mchana dakika 20 kabla ya saa 9 alasiri. Kinachoharibu ni kulipa deni kwa kulala hadi saa 4 asubuhi, kwa sababu usiku wa pili nao unakwenda. Wiki ya mitihani inafuata kanuni hiyohiyo. Punguza mazoezi makali, usipunguze matembezi. Dakika 10 nje kila baada ya saa mbili za kusoma zinakulinda kuliko kopo jingine la kinywaji.

Mfanyakazi wa zamu, mlinzi au muuguzi, asijaribu kufunga saa ya kuamka kwa zamu zinazobadilika. Afunge kitu kingine: dakika 20 za mwendo kila mara kabla ya zamu kuanza, na chumba chenye giza kamili kila anapolala mchana.

Lini uende hospitali

Baadhi ya matatizo hayatibiki kwa miguu. Nenda ukiambiwa unakoroma kwa nguvu na pumzi inakatika ukiwa usingizini, hata kama wewe si mnene. Nenda kama miguu inakuwasha au inakulazimisha kuisogeza kila unapolala. Chanzo kimojawapo ni upungufu wa madini ya chuma, unaowapata sana wasichana wenye hedhi nzito, na kipimo cha damu hukionyesha. Nenda kama unakosa usingizi usiku tatu au zaidi kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu, kama huzuni haijakuacha kwa wiki mbili, au kama unawaza kujidhuru. Hilo la mwisho halisubiri kesho. Maumivu ya kifua au kuzimia wakati wa mazoezi: simama hapohapo, nenda siku hiyohiyo.

Usinunue vidonge vya usingizi dukani kwa kuelekezwa na rafiki. Vingi hujenga utegemezi ndani ya majuma machache, na ukiviacha ghafla usingizi hurudi mbovu kuliko ulivyokuwa. Muombe daktari atazame kwanza karatasi zako za wiki mbili za mwisho, kwa kuwa humo ataona saa za kulala, kafeini na hatua zako, mambo ambayo kwa kawaida angehitaji maswali mengi kuyapata. Mwambie pia dawa zote unazotumia, pamoja na za mafua na za kupunguza uzito, maana baadhi yake huamsha.